Picha ya Kuweka kwenye Kadi ya Aubin

Kaka yangu Aubin Thévenet alikufa tarehe tatu Novemba akiwa amesimama. Alikuwa kwenye ngazi za jengo letu, mkono mmoja umeshika reli, mwingine umebeba mfuko wa viazi. Daktari alisema moyo ulizimika kabla mwili haujaanguka. Nilipoletewa habari, neno la kwanza lililonitoka, Mungu anisamehe, lilikuwa, "Angalau hakulazwa." Mtu aliyemjua Aubin ataelewa. Kumlaza yule mtu kitandani hospitali wiki mbili kungekuwa kumfunga kamba.

Mazishi yalikuwa ya haraka, na kadi za kumbukumbu hatukuwahi kuzichapisha. Padri akasema tuzigawe kwenye misa ya kutimiza mwezi, Jumapili. Mchapaji akataka kila kitu mezani kwake Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Kitabu changu cha misa kimenenepa kwa kadi hizo. Mama yumo, baba yumo, shangazi watatu, mwalimu wangu wa darasa la nne, kila mmoja ana picha upande mmoja na sala upande wa pili. Nikikifungua vibaya wanamwagika wote sakafuni. Aubin tu ndiye hakuwa na pa kuingilia, kwa sababu sikujua niweke picha gani.

Picha ya sura yake sikuwa nayo. Alikuwa akiona kamera anageuka, au anatoka kabisa nje ya chumba. Kulikuwa na ile ya kitambulisho cha kazi, ambayo anaonekana kama mtu aliyekamatwa akiiba kuku. Binamu yangu Philomène, aliyekuja kunisaidia kupanga nguo zake, aliona sina akili.

"Weka Bikira Maria, basi, yaishe," alisema. "Kila mtu anaweka Bikira Maria."

"Aubin hakuingia kanisani miaka thelathini."

"Kwani kadi itasema?"

"Itasema. Mtu akiifungua kitabuni ataona mcha Mungu. Nitakuwa nimesema uongo mbele ya altare."

"Haya, usiweke kitu. Weka msalaba mtupu."

"Nikiacha mtupu nitakuwa nimesema kapotea."

Philomène akakunja shati la Aubin mara tatu, akalipiga kofi. "Wewe Roselyne! Marehemu alikuwa anazunguka chumba kwa miguu, wewe unazunguka kwa kichwa. Mmezaliwa tumbo moja kweli."

Alisema kweli. Tangu mazishi sikuweza kumaliza kikombe cha kahawa nimekaa. Naanza kusali rozari, nikifika kumi la pili nasimama kuangalia kama jiko nimelizima. Narudi, naanza upya, nakumbuka dirisha. Niliogopa nisije nikafika hiyo Jumapili sijamwombea kaka yangu sala moja nzima.

Niliwaza kitu kimoja tu cha kweli ningeweza kuweka. Aubin alikuwa mlinzi wa chumba kwenye makumbusho ya picha, miaka ishirini na miwili. Siyasemi yale makubwa ya katikati ya jiji, yenye foleni hadi barabarani. Hii ilikuwa nyumba ya zamani ya tajiri wa vifungo vya nguo, mwisho kabisa wa mji upande wa magharibi, karibu na msitu, ambako hata madereva wa teksi wanauliza njia. Ndani zimo picha za wale wachoraji waliochoka kuchora vyumbani, wakabeba turubai zao hadi mtoni na mashambani kupaka mwanga kabla haujahama. Na katika picha zote, Aubin alikuwa na moja aliyoiita "picha yangu". Alikuwa akisema mezani, mdomo umejaa: "Leo picha yangu ilikuwa nzuri." Au, "Mama yupo pale, Rosa, kando ya maji. Amevaa buluu. Anazungusha chuma. Njoo Jumapili nikuonyeshe."

Sikuwahi kwenda. Jumapili ni siku ya misa, naye aliniitia makusudi siku hiyo, ndivyo nilivyoona. Nilidhani ananichokoza. Kwa hiyo nikamjibu kila mara kwamba mimi nina nyumba yangu ya Jumapili, yeye abaki na yake. Sasa nilikuwa nataka picha hiyo na sikujua hata inaitwaje.

Alhamisi asubuhi nikavaa koti nikaondoka. Nilishuka kwenye treni kituo kimoja kabla ya kile nilichotakiwa kushukia kwa sababu sikuweza kukaa tena, nikatembea kilichobaki kwa mguu kwenye majani yaliyolowa.

Mlangoni nilikutana na mwanamke mnene mwenye sauti ya kupasua, amevaa sare nyeusi, funguo zinaning'inia kiunoni. Nilipotaja jina langu alinikumbatia kabla sijamaliza.

"Wewe ndiye Rosa! Dada wa Miguu!"

"Miguu?"

"Tulimwita Miguu. Mimi Ginette. Pole, dada yangu. Pole sana. Nilikuja mazishini lakini nilisimama nyuma, nililia vibaya, sikutaka uniulize mimi ni nani." Alijifuta macho kwa kiganja. "Unajua kila mlinzi hapa ana kiti. Cha Aubin bado kina nailoni ya dukani. Twende nikuonyeshe, utadhani nakutania."

Kweli kilikuwepo, kwenye kona ya chumba cha kwanza, nailoni imenata kwenye mto wake na kupata vumbi. Nilitamani kucheka na kulia, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nikamwambia Ginette shida yangu: natafuta picha aliyoipenda, ina maji, ina mwanamke mwenye nguo ya buluu, na nina mpaka kesho saa sita.

"Hiyo ni ya theluji," alisema bila kufikiri. "Ghorofani. Kila asubuhi ya baridi nilimkuta pale."

Tukapanda. Ilikuwa picha ya barabara ya kijiji iliyofunikwa theluji, ina ndege mmoja juu ya ua. Hakuna maji, hakuna mwanamke. Nilikuwa bado naitazama pale alipotokea mzee mwembamba mwenye masharubu, mkuu wa walinzi, Bwana Pruvost. Alivua miwani akanipa mkono, akasema maneno yote yanayosemwa. Ginette akamweleza.

"Ya theluji?" Bwana Pruvost alimtazama Ginette. "Ginette, sauti unayo lakini macho huna. Chini ya picha hiyo pana tundu la hewa ya moto. Alikuwa anakausha suruali."

"Suruali kwa miaka yote hiyo!"

"Alikuwa anakuja kwa mguu kutoka kituo cha mbali. Mvua ikinyesha anafika amelowa hadi magotini. Nilimwambia mara mia apande basi."

Hilo nililijua. Kwa basi mtu anakaa.

Nitaeleza kidogo alivyokuwa, maana wanaosoma hawakumwona. Tulizaliwa kwenye nyumba ya mlinzi wa lango la mfereji, mbali na hapa Paris, kule mashua za mizigo zinapopandishwa kilima kwa maji. Baba ndiye aliyeajiriwa, lakini baba alikuwa na mgongo mbovu, kwa hiyo mama ndiye aliyezungusha chuma cha kufungulia maji. Mashua ikipiga honi wakati wa chakula, mama aliacha kijiko. Aubin alijifunza kutembea kwa kumfuata mama kutoka lango la juu hadi la chini, na kurudi, na kurudi tena, na nadhani tangu hapo hakusimama. Shuleni alipigwa kwa hilo. Jeshini alisifiwa. Kiwandani, kwenye mkanda wa kuunganisha magari, mtu anatakiwa abaki mahali pamoja, na Aubin alidumu miezi minne.

Kanisa alilikosa kwa namna hiyo hiyo. Mama alipokufa tulikuwa tumeshahamia huku. Katikati ya mahubiri ya misa yake, Aubin aliinuka akaanza kutembea kwenye ujia wa pembeni, mikono nyuma, taratibu, hana fujo yoyote. Padri wa wakati ule, ambaye naye ni marehemu na ninamwombea, alikatiza mahubiri. "Thévenet, ukae au utoke." Watu wote waligeuka. Aubin alilitazama jeneza la mama yake, akatoka. Alitusubiri nje ya geti hadi mwisho. Hakurudi kanisani tena, na mimi nikiwa nimekaa benchi la mbele sikusimama kumfuata. Jambo hilo sijawahi kulisema mezani.

Kwa hiyo pale ghorofani nilimuuliza Bwana Pruvost swali lililokuwa linaniwasha. "Kwa nini mlimpa Jumapili zote? Hakukuwa na zamu?"

Ginette na Bwana Pruvost wakatazamana.

"Zamu ipo," alisema Bwana Pruvost. "Jumapili mbili kwa mwezi kila mtu. Yeye alichukua zake, na za Ginette, na za wengine. Alikuja ofisini kuziomba."

"Mimi nilimwachia kwa furaha," alisema Ginette. "Nina wajukuu."

 Miaka ishirini na miwili aliniambia ni ratiba. Nilikuwa nikimtetea parokiani: kaka yangu maskini, wanamfanyisha kazi siku ya Bwana. Nikaanza kutembea. Nilitoka chumba cha theluji nikaingia cha mashua, nikatoka cha mashua nikaingia cha wanawake na miavuli, mbao zinalia chini ya viatu vyangu, Ginette nyuma yangu akihema.

"Dada, pole pole! Sasa wageni watasema Miguu amefufuka."

"Alikuwa anafanya nini hapa Jumapili, Ginette? Niambie tu."

"Alikuwa anafanya kazi."

"Alikuwa anasali?"

Alisimama kushika mgongo. "Kabla hatujafungua alikuwa anashuka chumba cha chini peke yake. Nilimkuta siku moja moja. Midomo ilikuwa inasogea."

"Alikuwa anasema nini?"

"Dada yangu, nikuambie uongo ufurahi? Sijui. Labda alikuwa anasali. Labda alikuwa anahesabu mbao. Na yeye ukimuuliza anakwambia, 'Ginette, nenda kafungue mlango.'"

Bwana Pruvost alikuwa ametufikia. Alikuwa amesimama katikati ya mlango, anajigonga kidevu kwa miwani. "Chumba cha chini," alisema. "Subiri kidogo. Namba arobaini na moja. Mimi ni mjinga kweli. Barua ya onyo!"

Barua hiyo sikuwahi kuiona. Akatusimulia akitupeleka ofisini kwake, chumba kidogo chini ya ngazi. Mwaka wa tisa wa kazi ya Aubin, siku ya mvua, nyumba imejaa wazee kutoka Lille, king'ora kililia nyumba nzima. Milango ikajifunga, ikafunguliwa, wazee wote wakatolewa nje bustanini bila makoti. Walinzi waliposhuka chini wakamkuta Aubin amesimama mbele ya picha namba arobaini na moja, kidole chake kimoja kiko kwenye kona ya fremu.

"Katika kazi yetu," alisema Bwana Pruvost, "mlinzi anaweza kuchelewa, anaweza kusinzia, anaweza kumtukana mgeni. Kugusa picha, hapana. Mlinzi kugusa picha ni kama," aliutazama msalaba wangu wa shingoni, akatafuta neno, "ni kama mtu wa sakristia kunywa divai ya misa."

"Mtu wetu wa sakristia anainywa," nilisema.

Ginette akaangua kicheko, akajiziba mdomo.

"Mkurugenzi akamwita. Akamwambia aandike maelezo. Watu huandika kurasa mbili. Aubin aliandika mstari mmoja: 'Maji hayalali hivyo.'"

Nilikaa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi magoti yalinikubalia, nikakaa kwenye kiti cha Bwana Pruvost bila kuombwa.

Maana nilielewa palepale, na wao wawili hawakuwa wameelewa kwa miaka kumi na mitatu. Mtoto wa lango la mfereji anakua akitazama mstari wa maji. Baba alikuwa anatuuliza kabla ya chai: mstari uko wapi? Jirani yako hapo chini anaweza kuzama, au mashua kukwama kwa unene wa vidole viwili, kwa sababu wewe hukuangalia mstari. Nyumba inaweza kuinama, mti unaweza kuinama, baba mwenyewe alikuwa ameinama. Maji yakiinama dunia imekosea mahali. Treni ya chini ya ardhi, kama walivyonieleza, inapita karibu na nyumba ile, na kila ikipita, picha ile moja, iliyo kwenye ukuta mwembamba, inasogea kidogo. Wageni hawaoni. Aubin alikuwa amesimama mbele ya maji yaliyolala upande, saa nane kwa siku, na mikono yake nyuma.

"Alipata onyo la maandishi," Bwana Pruvost aliendelea. "Nilidhani amekoma. Hakugusa tena. Alianza hivi." Akavuta kitabu kikubwa cha zamu, akakifungua popote, akanigeuzia.

Huandikwa humo kila jioni mambo ya siku: balbu imeungua, mtoto ametapika, bibi amesahau mwavuli. Na chini, kwa mwandiko wa kaka yangu unaolala mbele kama mtu anayekimbia: *Namba 41, kulia imeshuka, milimita tatu.* Nikafunua. *Namba 41, kulia, milimita mbili.* Nikafunua tena. *Namba 41, kushoto safari hii. Mwiteni fundi.* Kila siku aliyofanya kazi. Fundi alikuwa anakuja na kipima-usawa chake mara moja kwa wiki, Jumatatu.

"Na Jumapili ndiyo inakuwa imeharibika zaidi," nilisema.

Bwana Pruvost alinitazama. "Eh. Ndiyo. Wiki nzima ya treni."

"Hakutaka mwingine akae nayo ikiwa hivyo."

 Huenda nimekosea, na niliyasema hayo kwa sababu nilihitaji kuyasema.

Tukashuka. Chumba cha chini kina dari fupi na picha ndogo ndogo ambazo watu huzipita wakienda chooni. Namba arobaini na moja ni ndogo kuliko sinia. Mchoraji wake simjui, na Ginette alisema hata wataalamu hawamtaji sana. Kibandiko kinasema *Lango la mfereji, asubuhi*, basi. Kuna kuta mbili za mawe, kati yake maji ya kijani yenye weupe, kuna lango la mbao lililofungwa, kuna mbingu nyingi. Nilimtafuta mama.

Hakuwepo. Nilisogea. Pembeni ya lango, juu ya ukuta, palikuwa na doa la buluu, refu kama kucha ya kidole kidogo. Nikasogea tena.

"Hatua mbili nyuma, dada," Ginette alininong'oneza. "King'ora hakijui kama umefiwa."

Nikarudi nyuma. Doa likabaki doa. Nikaenda kushoto, nikaenda kulia, nikachuchumaa, nikasimama.

"Hilo la buluu ni nini?"

"Pipa, nadhani. Limefunikwa turubai. Mwongozaji mmoja huwa anasema pipa."

Basi hasira ikanipanda. Mama hakuwahi kuvaa buluu. Aproni yake ilikuwa ya kijivu, mimi ndiye niliyekuwa naifua. Kwa miaka ishirini na miwili amenichezea akili mezani: mama yupo pale, amevaa buluu, kumbe ni pipa, na ratiba ilikuwa uongo, na mimi kesho niende nikachapishe pipa kwenye kadi ya marehemu. Nilisema kwa sauti, mbele ya Ginette, "Aubin, wewe mshenzi," kisha nikafanya ishara ya msalaba.

Ginette aliweka mkono mgongoni kwangu akauacha hapo.

Nikiwa nimenuna hivyo, nikitazama chochote isipokuwa lile pipa, ndipo nikaona maji. Niliyatazama kama baba alivyotufundisha, mstari kwanza. Mstari ulikuwa chini sana. Kuta zilikuwa zimelowa juu yake, zina rangi nyeusi ya matope, urefu wa mtu mzima. Na mguuni pa lango, pale maji yanapokutana na mbao, kulikuwa na povu jeupe, limepigwa kwa brashi nene, linachemka.

"Ginette," nilisema. "Sio pipa."

"Eh?"

"Tazama povu. Chini ya lango kuna vidirisha. Povu linatoka vidirisha vikifunguliwa maji yaingie. Sasa tazama ukuta, bado umelowa mpaka kule juu, maji ndiyo kwanza yanaanza kupanda. Unaona? Hapo mwanzoni hufungui vyote, utaitupa mashua ukutani. Unazungusha chuma kidogo, unasubiri, unazungusha tena. Huondoki. Hata mtoto wako akilia huondoki. Mtu lazima awe ameshika chuma, na chuma kiko pale pale." Nilinyoosha kidole kwenye doa, kwa mbali. "Hakuna pipa linalokaa pale. Lingemzuia kuzungusha."

Ginette alikunja macho. Alisogea, akarudi, kama mgeni aliyelipa kiingilio. "Kainama," alisema hatimaye. "Huyo mtu kainama upande."

"Anabana chuma kwa nyonga. Mwanzo ndio mgumu."

"Mimi nimekilinda chumba hiki miaka kumi na sita," alisema Ginette, "na nilikuwa nalinda pipa."

Kama ni mwanamke sijui. Kama mchoraji alimpa nguo ya buluu au aliishiwa kijivu, sijui pia. Lakini mtu yupo pale, yuko kazini, na aliyemwona alikuwa kaka yangu, bila kusaidiwa na mtu yeyote, na alikuwa ananiita nije nimwone. Nililia pale. Ginette alimgeuza mgeni aliyekuwa anashuka ngazi, akamwambia choo kimeharibika.

Kwenye duka la mlangoni hawakuwa na postikadi ya namba arobaini na moja. Wana za miavuli. Ginette akaipiga picha kwa simu yake mwenyewe, mara nane, akiniagiza nishike mlango. Akanitumia zote. Aliponisindikiza getini aliniuliza misa ni saa ngapi, na kama mtu asiyejua kukaa na kusimama kwa wakati anaweza kuja.

"Njoo ukae na mimi nyuma," nilimwambia. "Karibu na ujia."

Ijumaa saa nne nilikuwa kwa mchapaji, Bwana Kerdoncuff, mtu wa makini, mwenye wino kwenye kucha. Aliitazama picha kwenye kompyuta, akaikuza, akaipunguza.

"Ni mahali alipozaliwa?"

"Ni kazini kwake."

 Akaandika jina, Aubin Thévenet, na tarehe zake mbili, ya kuzaliwa na ya kufa. Kisha akanisogezea karatasi yenye maneno ya kuchagua, yamepangwa kwa namba, kama orodha ya vyakula. Amelala kwa amani. Amepumzika katika Bwana. Amemaliza safari. Nilisoma hadi chini, nikasoma tena hadi juu. Yote yalikuwa yanamkalisha.

"Wengi wanachukua la pili," alisema. "Halafu nyuma tunaweka ile sala ya siku zote, ya raha ya milele na mwanga wa milele. Hiyo haikosi."

Sala hiyo nimeisema kila siku tangu utoto. Nilikuwa nimeisema kaburini kwa Aubin bila kusikiliza. Sasa nilimwona kaka yangu amepewa raha ya milele, amekaa kwenye kiti chenye nailoni, magoti yanaruka, anatafuta mlango.

"Weka mwanga tu," nilisema.

"Samahani, mama?"

"Ule mstari wa mwanga. Wa raha uache."

Bwana Kerdoncuff aliondoa mkono kwenye kibodi. "Mama, hiyo ni sala ya Kanisa. Watu wataona nimesahau nusu. Padri atanipigia simu."

"Padri nitamweleza mimi."

"Na ukibadili mawazo? Zikishatoka zimetoka."

"Sibadili."

Akarudisha mkono kwenye kibodi, akaandika, pengine akijiuliza kama huzuni imenizidi. Nje barabarani kengele ya shule ililia. Nilikuwa nimesimama muda wote huo, kiti chake cha wateja kiko nyuma yangu, na sikutaka kukikalia.

"Mwanga wa milele umwangazie," alisoma alichoandika. "Basi? Hakuna kingine?"

"Ongeza *mwombeeni*. Kwa herufi ndogo."

Akaongeza. Akabonyeza, na mashine ikaanza kuunguruma chumba cha nyuma.